Baba watoto akoroma, kisha kimya

SWALI: Sista, salaam. Mume wangu ana miaka 46, aendesha tuktuk, Kongowea hadi Bamburi. Usiku hukoroma mpaka jirani agonga ukuta. Hilo nimelizoea. Linalonitisha ni kuwa hukatika ghafla, kimya, kisha ashtuka kama mtu aliyezama akaibuka. Mamamkwe asema ni jinamizi. Mchana atafuna muguka asisinzie, na juzi alilala kwenye foleni ya daraja la Nyali. Nifanyeje?
Mama Watoto, Kisauni

JIBU: Mwanangu, nilipokuwa zamu za usiku wodi ya wanaume, mkoromaji hakunishughulisha. Niliinuka kitini pale koromo lilipokatika.

Mtu akilala misuli ya koo hulegea. Kwa wengine njia ya hewa huziba, ubongo ukamgutusha avute pumzi, na asubuhi hakumbuki lolote. Ndiyo apnia ya usingizi. Jinamizi ni jingine: mtu huzinduka akili timamu, mwili haumtii, na mwenyewe hukusimulia. Mumeo hana cha kusimulia. Shahidi ni wewe. (Mamamkwe asome dua zake, hazina ubaya.)

Basi ushike zamu yangu usiku mmoja. Akinyamaza, hesabu. Sekunde 10 au zaidi, tia alama. Zikipita alama 5 kwa saa, hilo si koromo tupu. Mrekodi kwa simu, hata akinuna. Muulize kama huamka kichwa chauma, kinywa kikavu, na huenda haja ndogo mara ngapi usiku. Nendeni na hayo kliniki, apimwe na presha, kwani mara nyingi huandamana. Daktari akiona haja atamtuma akapimwe usingizi. Wako wanaolala na mashine ya kusukumia hewa puani, wakaamka watu wapya.

Muguka humkesha tu, deni la usingizi liko palepale. Vidonge vya usingizi usimpe kabisa, vyamlegeza koo zaidi. Kwa sasa alale ubavu: mshonee mfuko mgongoni mwa fulana, utie mpira wa tenisi. Akigeuka chali, mpira wenyewe utamsumbua. Kitambi nacho akipunguze.

Na tuktuk asiiguse mpaka atibiwe. Najua ndiyo unga wenu. Ampe kijana mwingine aiendeshe, wagawane cha siku.