Mizinga ya Fort Casey si ya asili

Je, mizinga miwili mikubwa yenye mtutu wa kipenyo cha inchi 10 inayoonekana leo katika hifadhi ya Fort Casey, ngome ya zamani kisiwani Whidbey, jimbo la Washington, Marekani, ndiyo ile iliyofungwa hapo ngome ilipokuwa mpya? Hapana. Ile ya awali iliondolewa zamani, na hii ya sasa ililetwa miaka ya 1960 kutoka Fort Wint, ngome ya Wamarekani iliyolinda mlango wa ghuba ya Subic nchini Ufilipino, kwa sababu huko ilikuwa bado imebaki mizinga ya aina hiyo: ile inayoinuliwa juu ya ukuta, ikafyatua, kisha nguvu ya msukumo wake yenyewe wa kurudi nyuma ikairudisha chini, nyuma ya zege, ili ijazwe tena bila adui kuiona. Vibao vya maelezo hifadhini vinalieleza jambo hili, ingawa wageni wengi hupiga picha na kuvipita.

Kuta za zege, hata hivyo, ni za asili. Mnara wa taa ulio jirani ni wa 1903, nao ulijengwa kwa sababu ule wa kwanza, wa mbao, uliowashwa 1861, ulisimama mahali palipotakiwa na ngome. Mnara huu wa 1903 ulizimwa 1922, meli za mvuke zilipokuwa zikifuata upande wa magharibi wa mlango wa bahari ulio mbele ya ngome, ambako taa ya Point Wilson ilitosha. Chumba cha taa kilichoko juu yake sasa ni nakala, maana kile halisi kilihamishiwa mnara mwingine wa taa, wa New Dungeness, mwaka 1927.