Pampu ya sodiamu na baridi ya Iringa

Marahaba, mdogo wangu. Umeuliza kwa nini seli ihangaike na pampu ya sodiamu, protini iliyo kwenye utando wake, wakati ayoni (chembe zenye chaji ya umeme, kama sodiamu na potasiamu) hupita zenyewe, kama baridi ya huko Iringa inaipunguzia pampu kasi, na jinsi inavyozoea mazingira.

Ayoni zikiachwa hufuata mteremko, kutoka kwenye wingi kwenda kwenye uchache. Sodiamu ingejaa ndani, maji yangeifuata, seli ingevimba hadi ipasuke. Pampu hufanya kazi ya kupandisha. Inashika sodiamu 3 kwa ndani, ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, inaipa fosfeti, protini inabadili umbo, inafunguka kwa nje na kuziachia. Papo hapo inapokea potasiamu 2, fosfeti inabanduka, umbo linarudi, potasiamu inaingia. Kwenye mtihani usiseme hiyo tofauti ya 3 na 2 ndiyo inayoleta chaji hasi yote ya ndani ya seli. Sehemu kubwa inatokana na potasiamu inayovuja kurudi nje.

Baridi? Wewe una nyuzi 37 ndani hata ukitetemeka kwenye sweta, kwa hiyo pampu zako hazina habari. Itazame damu ya kuongezewa wagonjwa: kwenye friji ya nyuzi 2 hadi 6 pampu huzorota, na potasiamu hutoka taratibu kwenye chembe nyekundu.

Kuhusu kuzoea mazingira: sodiamu ikizidi ndani, pampu huongeza kasi mara moja. Hitaji likidumu, homoni kama aldosteroni huiamuru seli ya figo itengeneze pampu zaidi.

Chora hatua za pampu kwa mkono, bila kuangalia daftari.