Elektrodi ya nikeli inapima glukosi kwenye alkali, kwenye seramu kimya

Swali: Nimepaka chembe za nano za nikeli juu ya elektrodi ya kaboni ili nipime glukosi bila kimeng'enya. Kwenye hidroksidi ya sodiamu ya moli 0.1 kwa lita, mkondo unapanda kila nikiongeza glukosi. Nikihamia bafa (myeyuko unaoshikilia pH isibadilike) ya pH 7.4 au seramu (majimaji yanayobaki damu ikiganda), sioni kitu. Chembe zimeharibika?

Jibu: Hazijaharibika. Ulichoacha nyuma ni nusu ya kihisi chako, yaani alkali yenyewe.

Itazame tena voltamogramu, yaani grafu ya mkondo dhidi ya volteji, uliyochora kwenye alkali kabla ya kutia glukosi. Ina jozi ya vilele: hidroksidi ya nikeli inapoteza elektroni na kuwa oksihidroksidi, kisha inarudi ilikotoka. Ukitia glukosi, kilele cha kwenda kinakua na cha kurudi kinanywea, kwa kuwa glukosi imeshairudisha nikeli kabla umeme haujapata nafasi. Mzunguko huo unakula ioni za hidroksidi, na kwenye pH 7.4 ioni hizo ni pungufu karibu mara laki nne kuliko kwenye myeyuko wako wa awali. Kuongeza chembe hakutakusaidia. Uso mpana hukuza mmenyuko uliopo, hauuanzishi.

Basi ipeleke seramu kwenye alkali. Mikrolita 50 ukizifikisha mililita 5 kwa hidroksidi, glukosi ya milimoli 5 kwa lita inabaki mikromoli 50 kwa lita, kiwango ambacho nikeli nzuri inakisoma bila shida. Pima kwa kuongeza glukosi ya kiasi kinachojulikana ndani ya sampuli ileile, maana protini hupunguza usikivu wa uso. Kumbuka pia kwamba nikeli haichagui: fruktosi na ethanoli nazo huitikia.

Kama ni lazima upime kwenye pH ya damu, hamia platini yenye vitundu vya nano. Hapo ndipo udogo wa nano unanifurahisha kweli. Glukosi humenyuka polepole kwenye platini, hivyo molekuli huingia kitunduni na kugonga kuta mara nyingi kabla ya kutoka. Vitamini C humenyuka haraka, inaishia mdomoni mwa kitundu, na eneo la ndani haliiongezei chochote. Lakini kloridi ya seramu, kama milimoli 100 kwa lita, hung'ang'ania platini na kuzuia nafasi za glukosi. Jaribio la kloridi lifanye siku ya kwanza, kabla hujaandika neno lolote kuhusu uteuzi, yaani uwezo wa kihisi kuitikia glukosi pekee.