Maua kati ya nyanya: yapi, lini, na neti inaingiaje?

SWALI: Shikamoo mama. Ninalima nyanya kwenye kitalu nyumba chenye neti pande zote. Nzi weupe wameniandama. Nikigusa mmea wanatimka wengi, na majani yanateleza kwa utomvu wao. Nimesikia maua ya marigoldi huwafukuza. Nipande ngapi, na je, niache dawa?
*Msomaji, mkulima wa nyanya*

JIBU: Marahaba mwanangu. Marigoldi inasaidia kweli, ila inataka kuwatangulia nzi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, walichapisha mwaka 2019 majaribio ya kuchanganya nyanya na marigoldi fupi, *Tagetes patula*, ndani ya vitalu vya vioo. Pale ilipokaa na nyanya tangu mwanzo, nzi weupe waliongezeka polepole. Ilipoingizwa nzi wakiwa wameshazaana, msaada ulikuwa mdogo. Kinachowakera ni limonini, kemikali ile ile inayonukia kwenye ganda la chungwa. Haiwaui, inawafanya wasipende kutua hapo.

Kwa hiyo msimu huu usitegemee maua. Chuma majani ya chini, maana makinda ya nzi hujibandika upande wa chini wa jani na hayatembei. Yafunge kwenye mfuko kabla ya kuyatoa nje. Ning'iniza kadi za njano zenye gundi usawa wa vilele na uzipandishe nyanya zinavyorefuka. Dawa ukilazimika, anza na sabuni ya kuulia wadudu, na unyunyize chini ya majani; juu peke yake ni kazi bure. Ukimaliza kuvuna, ng'oa kila kitu pamoja na magugu, kitalu kikae kitupu kabla ya kupanda tena.

Msimu ujao, sia marigoldi mapema ili ihamishiwe kitaluni siku moja na miche ya nyanya. Mimi naweka shina moja kila baada ya mashina matatu au manne ya nyanya, ukingoni mwa tuta ambako jua linafika, na mlangoni naongeza, kwa sababu nzi wengi huingia mlango ukifunguliwa. Zikague chini ya majani. Marigoldi yenyewe hupendwa na utitiri wekundu na thripsi, wadudu wadogo wembamba, na ukiona vinyuzi vya utando, ng'oa shina hilo bila huruma.

Sasa neti yako. Naisisitiza kwa sababu wanaouza mbegu za maua huiruka. Marigoldi inafanya kazi kwa harufu, na harufu haizuiwi na neti. Alisamu, yale maua madogo meupe yenye harufu ya asali, inafanya kazi kwa kulisha: nekta yake, yaani maji matamu ya ua, huwafikia hata wadudu wenye midomo mifupi, na nzi wanaoelea juu ya maua huinywa, kisha hutaga karibu na vidukari ili mabuu yao yawale. Neti inayomzuia nzi mweupe inamzuia na rafiki huyu. Basi alisamu ndani ya neti iliyofungwa vizuri ni pambo tu, isipokuwa ununue wadudu marafiki na kuwaachia humo. Kwa nzi weupe wa vitaluni, anayetumika ni nyigu *Encarsia formosa*, asiyefika milimita 1 kwa urefu. Hutaga yai ndani ya kinda, na kinda hilo hugeuka jeusi. Ukiyaona makinda meusi, usiyachume, na usipige dawa kali, maana nyigu atakufa mapema kuliko nzi.

SWALI: Mama, mizizi ya nyanya zangu ina vinundu. Marigoldi chache katikati ya mistari zitaua minyoo fundo?

JIBU: Chache hazitoshi. Mizizi ya marigoldi hutoa sumu inayoitwa alfa-tertienili, lakini haisafiri mbali udongoni. Jaza tuta zima kwa marigoldi peke yake, zikiwa zimesongamana, kwa miezi miwili hadi mitatu kabla ya nyanya, na palilia kwa bidii, kwa sababu minyoo hujificha kwenye mizizi ya magugu. Kisha zikate na kuzichimbia humo humo. Kwenye matuta mengine panda nyanya za aina inayostahimili minyoo hao. Pakiti ya mbegu huwa inaeleza.