Mama wa kwenye noti ya Kanada ni nani?

SWALI: Shikamoo Bibi. Mimi ni msusi, nina saluni hapa Tanga. Mteja aliyetoka Kanada kanitunza noti ya dola 10, imechapwa wima, ina picha ya mama mweusi. Saluni nzima tunabishana: huyu anasema mwimbaji, yule anasema mke wa rais wao. Ni nani? Na ubaguzi ulifika Kanada, au ni mambo ya Marekani tu?
Msusi, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Kanada haina rais, kwa hiyo mmoja wenu kashashindwa. Huyo ni msusi mwenzako, Viola Desmond, mzaliwa wa Halifax, jimbo la Nova Scotia, 1914. Vyuo vya urembo vya kwao havikupokea wanawake weusi, akaenda kusomea Montreal, akarudi akafungua saluni, kisha chuo chake mwenyewe.

Tarehe 8 Novemba 1946 alikuwa safarini kikazi, gari likamharibikia mji wa New Glasgow. Fundi akasema mpaka kesho. Basi akaenda sinema, ukumbi wa Roseland. Hakuwa akiona mbali, akaomba tiketi ya chini, kumbe kakatiwa ya juu. Kukaa tu, akaambiwa apande. Akarudi dirishani kuongeza pesa, muuza tiketi akamjibu kuwa watu wa aina yake hawauziwi za chini. Akaenda akaketi palepale! Meneja na polisi wakamtoa mzobemzobe, nyonga ikaumia, kiatu kikamvuka. Usiku kucha mahabusu alikaa wima, glavu zake nyeupe mikononi.

Sasa sikia kesi. Sheria ya jimbo haikutaja weusi wakae wapi kwenye sinema, ikatafutwa kodi. Tiketi ya chini senti 40, ya juu 30, na kodi ya starehe ilipishana kwa senti moja. Senti moja hiyo ndiyo aliyoshtakiwa kuikwepa! Faini dola 20, na gharama 6 juu yake. Rangi haikutajwa mahakamani hata kidogo, na kwangu mimi huo ni ubaguzi mbaya kuliko wa kibao mlangoni, maana kibao unaweza kukionyesha kidole. Rufaa yake ikagonga mwamba 1947.

Alifariki New York 1965, hatia ingali kwenye jina lake. Jimbo lilimsafisha 2010, na aliyetia saini ni mwanamke mweusi, Mayann Francis, wakati huo mwakilishi wa Malkia Elizabeth jimboni. Noti ikatoka 2018.

Utumwa nao ulikuwepo Kanada, hadi Waingereza walipoufuta 1834. Waliokimbia Marekani walipokelewa, lakini si kwa mikono miwili: mwaka 1792 weusi karibu 1,200 walipanda meli 15 hapohapo Halifax, wakahamia Sierra Leone. Habari yao ni ndefu, niandikie tena nikusimulie.