Ripoti za makampuni ya ushauri: anza na kurasa za mwisho

Nyinyi mlioajiriwa juzi kwenye ofisi za utafiti na ushauri hapa Kampala, mtapewa rundo la mafaili ya makampuni makubwa ya ushauri, McKinsey, BCG na Bain, mtaambiwa "someni haya kabla ya Jumatatu." Namna ya kuyasoma hakuna atakayewafundisha. Mimi nasema anzeni nyuma, kwenye kiambatisho cha mbinu, panapoelezwa utafiti ulifanywaje, kabla ya kutazama grafu hata moja.

Kampuni ya ushauri haili kwa vitabu. Inakula kwa muda wa watu wake, na ripoti ya bure ndiyo inayoifungulia mlango wa mkurugenzi. McKinsey wana jarida lao tangu 1964. Bruce Henderson, aliyeanzisha BCG mwaka 1963, alikuwa akiwatumia wakurugenzi insha fupi fupi, na ule mchoro wa miraba minne wa kupanga bidhaa za kampuni, wenye nyota na ng'ombe wa kukamuliwa, ulitoka katika mojawapo, mwaka 1970. Sisemi ni porojo. Wana fedha za kufanya utafiti ambao vyuo vyetu haviwezi kuugharimia, na miraba ile bado inasaidia kumuuliza mteja swali zuri: ni bidhaa gani inayolisha nyingine? Lakini mwandishi ana kitu cha kuuza. Ripoti ya mageuzi ya kidijitali ikihitimisha kwamba kila mtu anahitaji mageuzi ya kidijitali, usishangae.

Kosa kubwa limo kwenye vitabu vinavyopendwa zaidi. Mwaka 1982 Tom Peters na Robert Waterman, waliofanya utafiti wao wakiwa McKinsey, walitoa kitabu In Search of Excellence. Walichagua makampuni bora ya Marekani, wakachambua yanafanana katika mambo gani. Kiliuzwa mamilioni. Kufikia 1984 jarida la BusinessWeek lilikuwa tayari linaonyesha kwamba baadhi ya bora hao wameyumba, na kampuni ya kompyuta ya Wang Laboratories, mmoja wa waliosifiwa, aliomba ulinzi wa mufilisi mwaka 1992. Nenda Kikuubo, mtaa wa biashara ya jumla hapa Kampala, uwahoji wenye maduka matatu matatu: watakuambia siri ni kuamka saa kumi alfajiri. Waliofilisika nao walikuwa wakiamka saa kumi alfajiri, ila hawapo tena dukani wa kuhojiwa. Kwa hiyo kila ukiona "sifa saba za washindi", tafuta walioshindwa walihesabiwa ukurasa gani. Mara nyingi hawapo.

Jambo la pili ni fasili, yaani neno limepewa maana gani, na hapa ndipo Afrika tulipoumia. Mwaka 2010 taasisi ya utafiti ya McKinsey ilitabiri kwamba kufikia 2020 kaya milioni 128 za Afrika zingekuwa na kipato cha kutumia zaidi ya mahitaji ya lazima. Mwaka uliofuata Benki ya Maendeleo ya Afrika ikasema kama theluthi ya Waafrika ni tabaka la kati. Sentensi hiyo imenakiliwa kwenye slaidi ngapi, Mungu ndiye ajuaye. Ukifungua maelezo, tabaka hilo linaanzia kwa mtu anayetumia dola 2 kwa siku hadi 20, na zaidi ya nusu yao wako kati ya 2 na 4. Huyo wa dola 2 na nusu mnamjua, yuko kwenye mitaa ya watu wa kipato cha chini, Bwaise na Katwe. Sukari ananunua ya kupimiwa kwenye kaveera, yaani kimfuko cha plastiki, mafuta ya kupikia anapimiwa kwa kikombe, na muuza duka anamwandika daftarini. Mwaka 2015 Nestlé walipunguza asilimia 15 ya wafanyakazi wao katika nchi 21 za Afrika, wakasema tabaka la kati ni dogo kuliko walivyodhani. Mwaka huohuo Uchumi, kampuni ya supamaketi ya Kenya, walifunga maduka yao Uganda, na 2021 Shoprite, supamaketi za Afrika Kusini, nao wakaondoka. Kila mmoja alikuwa na sababu zake, sitaki kurahisisha. Lakini aliyesoma fasili mapema alijua soko liko kwenye kaveera.

Angalieni pia kama Uganda imo kweli. Grafu ya "Afrika Mashariki" huweza kuwa Kenya na makadirio. Na "viongozi 1,000 waliohojiwa" kwa intaneti ni watu waliokubali kujibu barua pepe ya kampuni hiyo, basi. Linganisha na uchunguzi wa kaya wa UBOS, ofisi ya takwimu ya Uganda, au kazi za EPRC, kituo cha utafiti wa sera za uchumi pale Makerere. Hazina rangi za kuvutia, lakini zinakuambia ni kaya ngapi zimehojiwa, wilaya zipi, zimechaguliwaje.

Ukikuta asilimia isiyo na idadi ya waliohojiwa, waandikie waulize. Wasipojibu, usiiweke kwenye kazi ya mteja, hata bosi akiipenda.