Usilipe kabla hujaigusa mashine ikiwa baridi

Ndugu yangu, nimekuelewa: unataka kununua boti iliyotumika, ya faiba futi 23, yenye mashine ya nje ya Yamaha Enduro 40 iliyofanya kazi Mafia miaka mingi, na muuzaji anataka hela Ijumaa. Usikubali kuharakishwa.

Mwambie asiiwashe kabla hujafika, kisha weka mkono kwenye silinda. Ikiwa ya moto, rudi siku nyingine. Mashine iliyochoka huwaka vizuri ikishapashwa. Mimi niliuziwa hivyo mara moja na iliniumiza sana.

Nenda na fundi wako, si wa muuzaji. Afungue plagi zote mbili apime mgandamizo, yaani nguvu ya kubana ndani ya kila silinda. Silinda zikitofautiana zaidi ya asilimia 10, hesabu gharama ya ringi au pistoni. Kisha alegeze skrubu ya chini ya gia: oili nyeupe kama maziwa maana yake maji yameingia. Sili, yaani raba za kuzuia maji, hubadilishwa. Vipande vya chuma ndani ya oili ni habari nyingine; hapo gia zenyewe zinalika.

Ikiwaka, maji ya kupozea yatoke kwa nguvu. Yakidondoka tu, huenda ni impela, yaani panga la mpira la pampu ya maji, ambayo ni rahisi, au chumvi imeziba njia.

Watu wengi husahau ubao wa tezi, yaani wa nyuma ya boti, unaobeba mashine. Ugonge kwa mpini wa bisibisi. Sauti ikiwa butu, mbao imeoza ndani ya faiba, na mimi ningeiacha boti hiyo hata kama mashine ni nzima.

Mwisho itembeze nusu saa baharini ikiwa na mzigo, mmevaa maboya, na ulinganishe namba ya mashine na karatasi zake.